Iten au Ijenda? Mkimbiaji mtu mzima wa Bujumbura apeleke wapi pesa zake

Mtu akianza kukimbia baada ya kutimiza miaka arobaini, jina la Iten humfikia mapema. Atalisikia kwa wenzake baada ya mazoezi ya Jumapili, kisha ataliona kwenye simu: barabara nyekundu, wakimbiaji wembamba wakitimua vumbi, na chini ya picha bei kwa dola. Wiki mbili kambini, kocha yupo, milo mitatu kwa siku. Kwa mhasibu wa Rohero au mfanyabiashara wa Buyenzi ambaye kilomita kumi hazimtishi tena, swali huja lenyewe: niende?

Ni swali la maana. Mtu mzima anayetaka kukimbia vizuri hana haja ya kumwomba mtu radhi eti kwa kuwa hatakuwa bingwa. Mwili ni wake, jasho ni lake, na kumaliza nusu marathoni dakika kumi mapema kuliko mwaka jana ni furaha halali. Lakini pesa hizo si kidogo, na hapa kwetu dola haiokotwi. Kwa hiyo tukae na kalamu, tuangalie kambi inauza nini, inagharimu nini, na kama kitu hichohicho hakipatikani karibu zaidi.

Kambi inauza vitu vitatu

Cha kwanza ni hewa. Iten, katika kaunti ya Elgeyo-Marakwet nchini Kenya, iko juu ya mita 2,400, ukingoni mwa Bonde la Ufa. Kwa mwinuko huo kila pumzi inakupa takribani robo tatu tu ya oksijeni ambayo ungeipata pwani. Mwili hujibu kwa kutengeneza chembe nyekundu za damu zaidi, nazo ndizo zinazobeba oksijeni kwenda kwenye misuli.

Cha pili ni jicho la kocha: mtu wa kukuangalia unavyotua mguu, kukuzuia usiende mbio siku ya kupumzika, na kukusukuma siku ya kazi. Cha tatu ni muda. Kambini hakuna bosi, hakuna mgeni wa ghafla, hakuna msiba wa jirani. Unakula, unakimbia, unalala, na pembeni yako kuna watu wanaofanya vivyo hivyo.

Wengi hulipia kambi wakidhani wananunua hewa. Hapo ndipo hesabu inapoanza kupinda, kwa sababu hewa ina masharti yake. Damu haibadiliki kwa wiki moja. Utafiti uliojulikana sana wa Levine na Stray-Gundersen, uliochapishwa Marekani mwaka 1997, uliwaweka wakimbiaji juu milimani kwa wiki nne. Waliofaidika zaidi ni wale waliolala kwenye mita 2,500 na kushuka kwenye mita 1,250 kufanya mazoezi. Wiki nne, si wiki moja. Tena anayetoka Bujumbura, mji ulio chini ya mita 800 kando ya Ziwa Tanganyika, siku zake nne au tano za mwanzo Iten ni za kuhema, kulala vibaya na kunywa maji mengi. Kambi ya siku 14 inambakishia siku tisa za kazi ya kweli. Akirudi nyumbani, chembe alizoongeza huanza kupungua ndani ya wiki chache.

Warundi wawili waliofika mbali zaidi kwa mbio wanatufundisha jambo hapa. Vénuste Niyongabo, mtoto wa milima ya kusini, alishinda dhahabu ya mita 5,000 Atlanta mwaka 1996, Olimpiki ya kwanza ya Burundi. Kabla ya hapo alikuwa amehamia Italia. Francine Niyonsaba, aliyechukua fedha ya mita 800 Rio mwaka 2016, alijinoa Eugene, Oregon, mji ulio chini hata kuliko Bujumbura. Hewa ya juu walizaliwa nayo. Walichokifuata ng'ambo ni makocha, wenzao wa kukimbia nao na mashindano. Hilo linapaswa kumwongoza hata yule anayekimbia kwa ajili ya afya na heshima yake mwenyewe.

Chaguo la kwanza: wiki mbili Iten, kila kitu kimelipiwa

Kambi inayotajwa zaidi ni High Altitude Training Centre, iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na Lornah Kiplagat, bingwa wa dunia wa nusu marathoni mwaka 2007. Zipo na nyingine, kubwa na ndogo, pamoja na hoteli na nyumba za wageni zinazopokea wakimbiaji. Usichanganye hizo na kambi ya Kaptagat anakofundisha Patrick Sang na alikojengwa Eliud Kipchoge. Ile ni sehemu ya kazi ya wanariadha wa kulipwa, hainunuliwi kwa tangazo la simu.

Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo hesabu ifuatayo ni mfano tu. Weka namba zako mwenyewe baada ya kuulizia:

– Ndege Bujumbura–Nairobi, kwenda na kurudi: dola 400
– Nairobi–Eldoret–Iten, kwenda na kurudi, pamoja na usiku mmoja Nairobi: dola 120
– Malazi na chakula, siku 14 kwa dola 45: dola 630
– Kocha na mkimbiaji wa kukuvuta: dola 150
– Bima, simu, kufuliwa nguo, kukandwa misuli: dola 100
– Akiba ya dharura: dola 100

Jumla ni dola 1,500. Ukigawa kwa siku 14, kila siku imekula dola 107. Ukigawa kwa zile siku tisa za kazi ya kweli, kila siku imekula karibu dola 167.

Sasa zigeuze ziwe faranga, na hapa usijidanganye. Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga, dola ikatoka kwenye kama 2,100 hadi zaidi ya 2,800 kwa bei rasmi. Barabarani imekuwa zaidi ya maradufu ya hapo. Kwa bei ya mfano ya 3,000, safari ni milioni nne na nusu. Kwa bei ya mfano ya 7,000, ni milioni kumi na nusu. Safari ni ileile. Piga hesabu kwa bei ambayo wewe mwenyewe utapatia dola, si kwa ile iliyobandikwa ukutani benki.

Upande mzuri nao upo. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, kwa hiyo Mrundi hahitaji viza ya Kenya. Pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano viwe tayari. Na Kiswahili kinakufaidisha kuliko mgeni wa Ulaya. Utaelewa kocha anaposema, utapatana bei na dereva wa matatu, utakaa kwenye kibanda cha chai na kuuliza unachotaka bila mkalimani.

Chaguo la pili: Iten kwa kujipangia

Wapo wanaosema, kambi ya nini, nitapanga chumba mwenyewe. Chumba cha nyumba ya wageni kwa dola 20 na chakula cha dola 100 kwa wiki mbili vinakuwa 380 badala ya 630. Umeokoa 250. Inaonekana nyingi mpaka ukumbuke kuwa ndege, matatu na kocha hazikupungua: 1,500 imekuwa 1,250, yaani umepunguza sehemu moja tu kati ya sita. Na kwa punguzo hilo umejitwika kazi ya kusaka soko, kupika na kujipangia ratiba, ilhali kupumzika ndiko kulikokupeleka.

Somo lake ni kwamba gharama nzito ya Iten ni kufika. Ukishafika, siku ya ziada ni rahisi. Ukiweza kukaa wiki nne kambini kwa bei zilezile za mfano, jumla inakwenda kama dola 2,300 lakini kila siku inashuka hadi 82 hivi, na damu inapata muda wake wa kubadilika. Kwa maneno mengine, wiki moja Iten ndiyo ununuzi mbaya kuliko yote: umelipa nauli nzima ukaondoka ndiyo kwanza mwili unazoea.

Na kuna kitu cha Iten kisicholipiwa kabisa. Kila Alhamisi asubuhi, kama saa tatu, wakimbiaji hukusanyika kwenye barabara ya udongo kwa mazoezi ya fatleki, kubadilisha kasi bila saa ya uwanjani. Hufika kwa mamia, bingwa na chipukizi bega kwa bega. Mmoja anatangaza mpango: dakika mbili kali, moja polepole, mpaka muda uishe. Kundi linaondoka taratibu kama watu wanaopiga soga, kisha saa zinalia kwenye mikono yote kwa pamoja na barabara inageuka vumbi. Mtu mzima wa Bujumbura ataachwa ndani ya dakika ya kwanza, na soksi zitakuwa nyekundu hata kabla hajafika mlima wa pili. Hakuna anayemcheka. Watu watapita, mmoja atamwambia apumue chini, akaze mdogomdogo. Kuona kwa macho yako jinsi walio bora wanavyokimbia polepole siku za polepole ni elimu ambayo kitabu hakikupi. Ila hailipiwi kambini. Inalipiwa kwenye tikiti ya ndege.

Chaguo la tatu: kupanda bara

Tutazame sasa juu ya vichwa vyetu. Kutoka Bujumbura, barabara ya RN7 inapanda kupitia Musaga hadi Ijenda, nchi ya mashamba ya chai. RN1 nayo inapanda hadi Bugarama, karibu na msitu wa Kibira. Zote mbili zinakufikisha juu ya mita 2,000 bila kuvuka mpaka, na mlima Heha, kilele cha nchi nzima, uko kwenye milima hiyohiyo juu ya jiji. Wakimbiaji wa utafiti ule wa Levine wangelala Ijenda na kushuka kufanya kazi bondeni bila kutafuta mahali pengine.

Hesabu ya mfano kwa wikendi moja: usafiri wa Probox faranga 30,000, chumba usiku mbili 80,000, chakula 40,000. Jumla 150,000, tena kwa faranga, bila kumtafuta mwenye dola. Wikendi kumi na mbili ndani ya mwaka ni milioni moja na laki nane.

Usipande Jumamosi asubuhi. Hizo ni saa za kazi za jamii na magari husimama, kwa hiyo ondoka Ijumaa kabla ya giza. Uliza hali ya mafuta kwanza, maana petroli ikikosekana nauli hupaa na gari la kurudi Jumapili linaweza lisipatikane. Barabara za lami zenyewe si mahali pa kukimbilia. RN1 ina kona kali, malori yanayopanda kwa kukoroma, na baiskeli zenye mizigo ya ndizi na makaa zinazoteremka kwa kasi ya kutisha. Mwendesha baiskeli anayekuja hana breki za kukuonea huruma. Ingia njia za udongo katikati ya chai, uwasalimie watu wa kilima, kimbia huko. Juni hadi Agosti, kiangazi, ndio msimu wake: njia kavu, usiku wa baridi, usingizi mzito.

Tuwe wakweli kuhusu kasoro. Usiku mbili kila mwezi hazitabadilisha damu yako. Ijenda haina kundi la Alhamisi, na haina kocha anayekungoja. Utakachopata ni milima halisi, mapafu yaliyozoea kuhangaika, na siku mbili bila simu ya kazini. Mtu akichukua likizo ya wiki tatu nzima akaikaa huko juu, hapo anaanza kukaribia kile anachokitafuta Iten, kwa sehemu ndogo ya bei.

Chaguo la nne: mwaka mzima wa kocha, hapahapa

Hili halina picha nzuri ya kuonyesha wenzako, na ndilo ninaloliamini kuliko yote kwa mtu mzima ambaye hajakimbia zaidi ya miaka miwili.

Klabu za riadha za Bujumbura zina makocha ambao wenyewe walikimbia. Tuseme unapatana faranga 200,000 kwa mwezi kwa vipindi viwili kila wiki. Kwa mwaka ni milioni mbili na laki nne, na umepata vipindi vipatavyo mia moja. Linganisha na siku tisa za Iten. Mia moja kwa tisa, na yule wa mia moja anakujua: anajua goti lako la kushoto, anajua mwezi wa hesabu kazini hulali, anajua ukiambiwa kilomita nane unakimbia kumi na mbili.

Mwili wa mtu mzima haujengwi kwa dozi moja kubwa. Misuli hupata nguvu kwa wiki, kano zinazoishikiza kwenye mifupa huhitaji miezi. Anayeruka kutoka kilomita 30 kwa wiki hadi 80 kwa sababu tu ameshalipa na hataki pesa zipotee, hurudi Bujumbura akichechemea. Amejiumiza kwa pesa yake mwenyewe.

Tena joto la Bujumbura lina kazi yake. Mtu akikimbia kwenye joto kwa busara kwa siku kumi hadi kumi na nne, majimaji ya damu huongezeka na mwili hujifunza kutoa jasho mapema. Asubuhi kando ya ziwa, au kupanda Kiriri kuelekea chuo kikuu jua likianza kuchoma, ni mazoezi ambayo wengine huyalipia. Chukua maji, na punguza kasi bila aibu.

Kama mnakimbia kwa kundi, klabu ijulikane kwa utawala wa eneo. Machi 2014, baada ya vurugu za kisiasa, mbio za makundi mitaani zilizuiwa Bujumbura na kuelekezwa kwenye maeneo maalumu. Kikundi chenye kiongozi anayejulikana hufanya mazoezi kwa amani.

Sasa jumlisha: kocha wa mwaka 2,400,000 na wikendi kumi na mbili Ijenda 1,800,000. Milioni nne na laki mbili, chini ya wiki mbili za Iten hata kwa bei ya benki. Kwa bei ya barabarani, huifikii hata nusu yake, na kinachobaki kinakupa viatu vipya vinavyokutosha badala ya viatu vya chagua ambavyo mguu wa mtu mwingine umeshavilaza upande, pamoja na daktari wa kukupima moyo, shinikizo la damu na kiwango cha madini ya chuma. Bila chuma cha kutosha mwili hautengenezi chembe nyekundu za kutosha hata ukilala Iten mwaka mzima. Na baada ya miaka arobaini, kipimo cha moyo kinatangulia kiatu.

Nani aende, nani asubiri

Iten inamfaa mtu mwenye miaka miwili au zaidi ya kukimbia bila kuumia, anayefikisha kilomita 50 kwa wiki bila kuhangaika, mwenye shindano fulani mbele yake, na anayeweza kukaa wiki tatu au nne. Huyo akienda atarudi na kitu. Inamfaa pia aliyekwisha kupata kocha nyumbani, kwa sababu atapata mtu wa kuendeleza alichojifunza.

Asubiri kwanza anayelipa kwa mkopo, aliyepata siku saba tu za likizo, anayeuguza jeraha, au anayetumaini kambi impe nidhamu ambayo hajaijenga. Nidhamu hainunuliwi Kenya.

Na kama moyo wako umeshaamua kwenda, usitume hata faranga moja ya kufungia nafasi kabla ya kupata majibu ya maandishi:

– Bei inajumuisha nini: chakula chote, kocha, usafiri kutoka Eldoret, au kitanda tu?
– Kocha atakuwa na watu wangapi, na atapanga mazoezi yangu peke yangu au ya kundi zima?
– Siku tano za mwanzo zimepangwaje kwa mtu anayetoka chini ya mita 800?
– Nikiumia au ndege ikifutwa, ninarudishiwa kiasi gani?
– Nitaondoka na ratiba ya wiki nane za nyumbani, au mambo yanaishia getini?
– Barabara zikoje mwezi huo? Aprili na Mei mvua hugeuza udongo mwekundu kuwa tope.

Swali la tano ndilo la kupimia. Kambi inayokuandalia wiki nane za baadaye inajali mbio zako. Inayokupigia picha na kukuaga inajali kitanda kipate mgeni mwingine.

Ushauri wangu ni kupanga kwa ngazi. Mwaka huu lipa kocha wa hapa, pima moyo na damu, nunua viatu vinavyofaa. Kiangazi kijacho chukua wiki tatu Ijenda, uone kama maisha ya kula, kukimbia na kulala yanakufaa kweli au yalikuwa yanapendeza kwenye picha tu. Wakati huohuo weka akiba ya safari kidogokidogo. Mwaka wa tatu, kama bado unaamka saa kumi na moja kwa hiari yako, nenda Iten kwa wiki nne na uikubali bei yake bila kujuta, kwa sababu utakuwa na miguu ya kuitumia kila siku uliyoilipia.